Maswali ya Wasomaji: Kazi Haichoshi Kama Kuinama

Mwezi huu barua karibu zote zimelia kilio kimoja: nguvu zinaisha kabla kazi hazijaisha. Tumezifupisha na kuondoa majina. Rai yetu tuiseme mapema: usikimbilie dukani. Mashine ya kufulia haikusaidii kitu ikiwa maji ya kuijaza bado unayachota umeinama. Angalia kwanza unainama wapi, unabeba nini, na unatoka jikoni mara ngapi kufuata chumvi.

Shikamooni. Nilijifungua miezi mitatu iliyopita. Kliniki wakaniambia damu imepungua, wakanipa vidonge. Bomba letu liko uani, maji hutoka siku mbili kwa wiki, tena usiku. Nachota, napika, nafagia, naogesha watoto. Ikifika saa nne asubuhi miguu haina nguvu na moyo unanienda mbio. Niache kazi ipi? (Mama wa watoto watatu, Nkuhungu, Dodoma)

Marahaba mama, na hongera ya uzazi. Kabla hujaacha kazi yoyote, tuanze na vidonge, maana hapo ndipo wengi hukosea. Damu ikipungua, oksijeni inayofika kwenye misuli nayo hupungua, na moyo hulazimika kupiga haraka kufidia. Mwanamke asiye mjamzito anatarajiwa kuwa na gramu 12 au zaidi za wekundu wa damu kwa desilita. Vidonge vya madini ya chuma huchukua wiki kadhaa kuinua kiwango hicho, na hata kikishapanda huendelea kumezwa kwa miezi ili kujaza akiba mwilini. Usiache kwa sababu unajisikia afadhali, wala usiogope choo kuwa cheusi. Ni dawa hiyo. Chai isikae pamoja na chakula wala kidonge. Iache mbali kwa saa moja au mbili, kwani majani ya chai huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Badala yake kunywa maji ya ubuyu, ambayo Dodoma hayakosekani. Vitamini C iliyomo husaidia madini hayo kuingia. Ukihema hata ukiwa umekaa, ukizimia, au damu ikitoka nyingi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hapo si suala la kupanga kazi tena.

Sasa maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kwa hali yako ya sasa hiyo usiinyanyue kabisa. Nunua mpira wa nusu inchi unaofika kutoka kwenye bomba hadi mlango wa jikoni, na pipa lenye koki. Pipa lililosimama chini bado litakuinamisha, kwa hiyo lipandishe. Tofali za saruji za inchi sita zikilazwa mistari mitatu hutoa kama sentimita 45, na ndoo inaingia chini ya koki bila shida. Meza ya mbao usiitumie: pipa la lita 200 likijaa lina uzito wa kilo 200 na zaidi, na meza ikivunjika kuna watoto hapo. Kama presha ya bomba ni ndogo, mpira hautayapandisha maji hadi mdomo wa pipa refu. Chukua pipa fupi la lita 100.

Koki fundi yeyote wa bomba anaweza kuifunga, ila msimamie. Tundu litobolewe sentimita tano juu ya kitako cha pipa ili tope libaki chini. Washa za mpira ziwe mbili, moja ndani na moja nje, na kwenye nyuzi za koki izungushwe ile tepu nyeupe mara tano au sita. Nati ikazwe kwa mkono mpaka igome, kisha robo mzunguko kwa spana. Pipa linalovuja mara nyingi lina washa moja tu, au limekazwa kupita kiasi mpaka mpira ukajikunja. Fungeni mfuniko muda wote, na mlisugue kila mwezi.

Usiku wa maji, wa kuamka kufungua bomba asiwe wewe. Mpira ukishawekwa, kazi iliyobaki ni ya kufungua na kufunga, na baba wa watoto au kijana mkubwa anaiweza. Kutoka kwenye pipa hadi jikoni tumia jagi la lita tano. Utasema safari zitakuwa nyingi. Kweli, lakini ni hatua nne, na kilo tano mwili unazivumilia.

Watoto wawili wakubwa waogeshwe alasiri badala ya asubuhi. Dumu jeusi la maji likiachwa juani tangu saa nne, saa kumi jioni yana uvuguvugu wa kutosha na hukuwasha jiko. Beseni la kumwogeshea mtoto mchanga liweke juu ya benchi imara, wewe ukae kwenye kiti, mkono mmoja usimwachie mtoto. Kazi nzito iwe moja kwa siku, siyo tatu: siku ya kufua si siku ya kudeki. Na pumzika kabla ya kuchoka. Dakika kumi kila baada ya dakika hamsini, umekaa, miguu juu ya kiti kingine. Anayesubiri mpaka miguu itetemeke hukuta dakika kumi hazitoshi tena.

Napika nikiwa nimekaa kwa sababu ya mgongo. Mama mkwe anasema huo ni uvivu. Mnasemaje? (Dada wa Manyoni)

Mwulize kwa upole mbuzi ya nazi ni nini kama si kiti. Karne nyingi watu wamekuna nazi wamekaa, hakuna aliyeitwa mvivu. Kusimama tuli huchosha miguu na kiuno kuliko hata kutembea. Kuchambua mchele, kumenya viazi, kukata mboga, kuosha vyombo na kupiga pasi, zote ni kazi za kukaa.

Ila kigoda kifupi cha sentimita 20 hakikufai dada. Kukaa ni rahisi, kuinuka ndiko kunakovunja mgongo na magoti, na jikoni utainuka mara thelathini. Tafuta kiti cha sentimita 45, nyayo zikanyage chini, na meza iwe chini kidogo ya viwiko vyako. Kama jiko lako ni la mkaa na liko sakafuni, lipandishe juu ya tofali mpaka mdomo wa sufuria ufike usawa wa tumbo ukiwa umekaa. Mkaa uuwashie nje, na upike mahali penye hewa.

Wajukuu zangu, vidole vyangu hukaza asubuhi mpaka jua lipande. Kusonga ugali wa uwele wa watu sita kumenishinda, na nyumba hii haili wali. (Bibi wa Mvumi)

Shikamoo bibi. Kwanza, vidole vinavyokaza kwa zaidi ya nusu saa kila asubuhi, kwa wiki nyingi, mikono yote miwili, vinahitaji kuonwa na daktari. Hapo Mvumi hospitali ipo. Baridi yabisi ikiwahiwa ina dawa zinazozuia viungo kuharibika, ikichelewa dawa hizohizo hazirudishi kilichokwisha kupinda.

Ugali unakushinda kwa mambo matatu: sufuria inazunguka, mwiko ni mwembamba, na unga unatiwa wote kwa pamoja. Tuanze na mwiko. Uzungushie kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli mpaka unene wa kishikio ufike sentimita tatu au nne. Kishikio kinene hakihitaji kukabwa, na kukaba ndiko kunakouma. Sufuria iwe ya mikono miwili, na upate mti wenye panda unaoingia kwenye mkono mmoja wa sufuria. Mjukuu akae pembeni aushikilie. Hiyo peke yake inakuondolea nusu ya shida, maana mkono wa kushoto hautapigana tena na sufuria.

Halafu gawa. Watu sita hula kama kilo moja na nusu ya unga. Usisonge mara moja, songa mara mbili, gramu 750 kila mara, kwa maji kama lita moja na nusu. Robo ya unga ikoroge kwenye maji baridi, utie kwenye maji yanayochemka, na uji huo uuache utokote dakika nane kamili. Wenye haraka huuacha dakika mbili, kisha hulipa kwa mabega. Uji ulioiva vizuri umeshavuta, unga unaofuata hushikana wenyewe. Unga uliobaki uutie kwa mafungu matatu. Kila fungu ligeuze mara chache, funika, punguza moto, subiri dakika mbili mvuke ufanye kazi, ndipo utie lingine. Mwisho kandamiza ugali kwenye ubavu wa sufuria ukiwa umesimama na kiwiko kimenyooka, ili bega lisukume na kifundo cha mkono kitulie. Kwa hiyo mdomo wa sufuria uwe chini ya kiwiko chako kwa shibiri moja hivi.

Mboga isikusumbue. Mlenda mkavu uliosagwa hauna kukata wala kupondaponda, na karanga nunua zilizosagwa. Kitambaa kibichi usikikamue kwa vidole. Kizungushe kwenye bomba, shika ncha mbili, sokota kwa viganja. Au kiache kinatiririka, hewa ya kwetu ni kavu na kitakauka.

Nyumba yetu iko Ilazo, barabara ya mbele ni ya vumbi. Nafagia mara tatu kwa siku na jioni naandika jina langu juu ya meza kwa kidole. (Mama wa nyumbani)

Mara tatu ndizo zinazokuchosha bure. Fagio kavu huinua vumbi laini hewani, na wewe ukishaweka fagio pembeni linaanza kushuka palepale. Unachofagia saa sita ni kile ulichokirusha saa tatu.

Fanya mara moja, tena kwa unyevu. Asubuhi upepo ukiwa bado haujapata nguvu, fungua madirisha yote, futa meza na kabati kwa kitambaa chenye unyevu kuanzia juu kwenda chini, kisha piga deki ukitokea ndani kwenda mlangoni. Jua likishapanda funga madirisha ya upande wa mashariki na kusini. Miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma hutoka zaidi upande huo. Acha ya upande wa pili wazi ili nyumba ipumue. Chini ya mlango pigilia ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli ugusane na sakafu. Nje ya kizingiti weka gunia lenye unyevu, ndani weka zulia dogo, na viatu viishie hapo. Maji ya kusuuzia nguo mwagia mbele ya mlango, usiyapoteze.

Uwanja nao una siri yake. Kufagia udongo kila alfajiri mpaka michirizi ionekane ni jambo la heshima kwetu, lakini fagio hulegeza ngozi ya juu ya udongo na upepo wa saa sita huichukua na kuirudisha sebuleni. Okota takataka, acha udongo. Njia ya kutoka getini hadi mlangoni itandike kokoto au moramu ya sentimita tano.

Tukigusa sebule tutagombana, ila tuseme. Vile vitambaa vya kufuma juu ya makochi, televisheni, redio na meza ndogo, kila kimoja ni sufuria ya vumbi na ni nguo ya kufua. Vikunje uweke kwenye mfuko, uvitoe wageni wanapokuja. Vyombo vya kabati la kioo navyo vigeuze midomo chini.

Na fagio lenyewe. La chelewa au la vijiti, likiwa fupi, linakukunja mgongo nyumba nzima. Ingiza mti wa mita 1.2 katikati ya fungu, uzame sentimita 15, funga kwa ukanda wa mpira sehemu mbili, na pigilia msumari mmoja ili usichomoke. Ukisimama wima, ncha ya mpini ifike kati ya kifua na kidevu. Likilegea baada ya wiki mbili, fungu lilikuwa jembamba; ongeza vijiti.

Huku Bahi maji ya kisima ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, nguo zinabaki na utando mweupe, nafua mpaka mikono inavimba. (Dada, Bahi)

Dada, hapa kuna maji ya aina mbili yanayoitwa jina moja. Yapo ya chumvi ya mdomoni, na yapo maji magumu, yaani yenye madini ya kalisi na magnesi kutoka kwenye miamba. Kisima kimoja kinaweza kuwa na vyote. Chumvi ya mdomoni huwezi kuiondoa kwa njia ya nyumbani. Ugumu unaweza kuupunguza, na huo ndio unaokula sabuni: sabuni ya mche ikikutana na kalisi hugeuka utando, na mpaka kalisi yote ishikwe ndipo povu lianze. Unasugua utando, siyo uchafu.

Jipime hivi. Chupa ya nusu lita ijaze nusu kwa maji hayo, tia vipande vidogo vya sabuni ya mche, tikisa. Povu likikaa juu, maji ni laini. Yakiwa kama maziwa bila povu, ni magumu. Basi fua kwa sabuni ya unga, kwani yenyewe haigeuki utando kirahisi, na mche uubakize kwa kola na makwapa tu. Ukiwa na mche peke yake, lainisha maji kwanza: kijiko kimoja cha chakula cha magadi kwa lita 20, koroga mpaka yayeyuke, acha nusu saa, kisha mimina yaliyo juu na uache masimbi meupe chini. Magadi hukausha mikono na huharibu sufu na hariri, hivyo hizo uziweke kando.

Dawa kubwa kuliko zote inaanguka kutoka juu. Maji ya mvua hayana kalisi. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 8 kwa 5 likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 800. Ondoa za kupotea, zinabaki kama 640. Mvua ya kwanza ya msimu iache ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Nguo nyeupe na za mtoto mchanga zifuliwe kwa maji hayo, kisima kibaki cha kudeki na cha choo.

Kuhusu mikono: loweka. Nusu saa mpaka saa moja ndani ya maji ya sabuni, beseni likiwa juani, na sabuni itafanya kazi unayoifanya wewe. Kulaza usiku kucha hakuongezi kitu. Uchafu uliotoka hurudi kwenye nguo, na harufu juu. Beseni liwe juu ya benchi, wewe umekaa. Sugua panapochafuka tu: kola, mikono ya shati, magoti ya suruali ya shule. Shati zima halina sababu ya kusuguliwa. Mashuka na mablanketi yakanyage kwa miguu, paja lina nguvu kuliko kiganja. Kabla ya kusuuza, kandamiza nguo kwenye ukuta wa beseni mpaka maji ya sabuni yatoke. Mkandamizo huo mmoja unakuokolea maji ya tatu ya kusuuza.

Kamba ya kuanikia wengi huifunga juu ya kichwa, mikono ikabaki imeinuliwa nusu saa, na hapo ndipo mabega huuma. Ifunge usawa wa kifua, anika, kisha iinue kwa mti wenye panda. Nguo zigeuze ndani nje, zikung'ute vizuri, mashati yaning'inie kwa pindo la chini. Usizikamue sana. Kiangazi kwetu zitakauka kwa saa chache hata zikitiririka, na zitahitaji pasi kidogo. Zitoe kabla upepo wa mchana haujazipaka vumbi.

Natoka Nzuguni saa kumi na mbili asubuhi kwenda Mtumba, narudi saa moja usiku sina nguvu ya kuwasha jiko. Kila siku chipsi. Friji ninayo, ila umeme hukatika. (Mtumishi, anaishi peke yake)

Kaka, maharage. Kilo moja ikiloweka Jumamosi usiku na kupikwa Jumapili inakupa zaidi ya kilo mbili zilizoiva, na hizo ni milo mitano au sita. Maji yake ya kuloweka mwaga. Kwenye sufuria ya presha dakika 25 hivi tangu ianze kupiga mluzi zinatosha. Kwenye sufuria ya kawaida ni saa moja na nusu hadi mbili. Jiji la Dodoma liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na huku maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, ndiyo maana maharage yaleyale huchelewa kuiva kuliko Dar es Salaam. Maji magumu nayo hukaza ganda. Robo kijiko cha chai cha magadi kwa kilo husaidia, kikizidi maharage yanateleza na vitamini B hupotea.

Yakipoa, gawa kwenye mifuko, kila mmoja vikombe viwili, uilaze bapa kwenye friza. Mfuko bapa huyeyuka kwa dakika kumi ndani ya maji, tonge kubwa la barafu litakusubirisha saa nzima. Jumapili hiyohiyo kaanga kilo moja ya vitunguu na kilo mbili za nyanya mpaka mafuta yajitenge, hiyo ndiyo rosti yako ya wiki. Chakula kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu kiive. Umeme ukikatika usifungue mlango; friza iliyojaa huhifadhi baridi kwa saa nyingi kuliko tupu, kwa hiyo nafasi zilizobaki zijaze chupa za maji.

Kuna kifaa kingine kisichotumia umeme: kapu la joto. Kapu kubwa au boksi, ndani pamba, nguo kuukuu au vipande vya sponji, unene wa sentimita 10 pande zote, chini na juu pia. Mchele uuchemshe dakika tano, funika, tumbukiza kapuni na sufuria yake, oga, badili nguo, na baada ya dakika arobaini au hamsini umeiva bila kuungua. Makosa ni mawili: sufuria iliyojaa nusu tu, ambayo hupoa haraka, na kufunua kuchungulia. Maharage yaliyolowekwa nayo huiva humo kwa saa nne au tano, lakini lazima yachemke kwa nguvu dakika 20 kabla ya kuingia, kwani maharage mekundu mabichi yana sumu ambayo joto la kapu peke yake haliimalizi. Yakitoka yachemshe tena ndipo ule. Usiyaache humo tangu asubuhi mpaka usiku.

Mke wangu amemaliza dozi ya kifua kikuu ya miezi sita, hospitali wamesema amepona. Siku akijisikia vizuri anafanya kazi zote, kesho yake na keshokutwa hali chakula, amelala tu kama mgonjwa. Nimsaidieje? (Kaka wa Kongwa)

Umeandika halafu umejibu, kaka. Tatizo ni ile siku nzuri. Mwili wake una akiba ndogo, siku nzuri anaitumia yote pamoja na ya kesho. Akianza tena kukohoa, kutoka jasho usiku, kupata homa au kupungua uzito, mrudishe kliniki haraka bila kusubiri.

Kama hayo hayapo, chukueni daftari. Kwa siku saba aandike saa, kazi, na muda aliofanya, na kesho yake aweke alama: ameamka mzima au hoi. Tazameni siku zote zilizofuatiwa na asubuhi nzuri, mtaona kiasi, mathalani dakika 40 za kazi za kusimama kwa siku. Wiki inayofuata afanye pungufu kidogo ya hapo, kila siku, ya kheri na ya shari. Siku akiamka na nguvu za ajabu afanye kiasi kilekile. Hapo ndipo utakapohitajika umkumbushe, maana atakataa. Wiki mbili zikipita bila kuanguka, ongezeni dakika tano. Akianguka, rudini nyuma dakika kumi.

Halafu hilo neno "nimsaidieje". Ukimsaidia kufua, bado yeye ndiye anayekumbuka sabuni imekwisha na sare za shule ni za kesho, na kukumbuka kunachosha vilevile. Chukua kazi nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho. Tungekushauri uchukue maji na nguo, kwa sababu ndizo zenye kubeba na kuinama kwingi. Yeye abaki na chakula, akiwa amekaa, kiti cha sentimita 45.